Somoe na Kilango Kisichotulia

— Ngano nije nisije?

— Njoo, mkeka tumetandika!

— Nije na nini?

— Na chumvi ya kutosha!

Hapana. Hapana, hamjaitikia. Nusu yenu mnaangalia chungu cha muhogo kana kwamba kitaota miguu. Muhogo haujaiva, na hautaiva kwa kutazamwa. Tuanze tena, na safari hii sauti itoke tumboni.

— Ngano nije nisije?

— Njoo, mkeka tumetandika!

— Nije na nini?

— Na chumvi ya kutosha!

Haya. Angalau.

Hapo kale, kaa alipokuwa bado anatembea kwa kunyooka, palikuwa na fungu la mchanga. Refu, jembamba, limelala kati ya bahari na hori, ule mkono wa bahari ulioingia bara. Upande huu bahari inapiga. Upande ule hori limetulia, na mikoko yake, na kombe zake, na vijisamaki vyake. Katikati ya fungu palikuwa na kilango kimoja tu. Maji yakijaa, bahari iliingia horini kwa kilango hicho. Maji yakipwa, hori lilijimwaga baharini kwa kilango hicho hicho. Ndivyo hori lilivyovuta pumzi na kutoa pumzi, kila siku ya Mungu.

Kaskazini ya kilango waliishi watu wa Shungi, na jumbe wao aliitwa Mwinchande, mtu mrefu mwenye kilemba kirefu kuliko yeye. Kusini waliishi watu wa Kisikini, na jumbe wao aliitwa Kimbau, mfupi, lakini sauti yake ilifika kabla yake. Mababu zao walipatana zamani kwamba kilango ndicho mpaka. Aliye kaskazini ya kilango ni mtu wa Shungi. Aliye kusini ni mtu wa Kisikini. Na mtu wa upande huu halali upande ule mpaka jumbe wa upande ule amruhusu.

Sasa niambieni nyinyi. Mpaka unawekwa wapi? Kwenye mwamba. Kwenye mbuyu. Kwenye kaburi la mtu mzito ambaye hawezi kuamka akaondoka. Wale mababu, na Mungu awarehemu, waliuweka kwenye maji. Na maji yenyewe yamepita kwenye mchanga! Natamani ningekuwepo siku hiyo.

Basi. Karibu na kilango, upande wa Kisikini, palikaa mjane mmoja jina lake Somoe. Kazi yake kuokota kombe, zile chaza za matopeni, horini maji yakipwa. Nyumba yake ya miti na makuti, na mbele ya mlango kisima cha maji matamu alichokichimba marehemu mume wake mwaka walipooana. Binti yake wa pekee, Sikudhani, aliolewa hapo hapo Kisikini. Nyumba zao zilitazamana. Somoe akikaanga samaki, Sikudhani anamwita, "Mama, nibakizie kichwa!"

Somoe alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu na kwa majumbe: aachwe. Akae kwenye nyumba yake, kwenye kisima cha mumewe, upande mmoja na mwanawe. Hilo tu. Ni kubwa hilo?

— Si kubwa!

Mwambieni bahari.

Masika yakaja. Mawimbi yakapanda juu ya fungu, yakaruka, yakatumbukia horini. Asubuhi Somoe akafungua mlango, akakuta fungu limekatika kusini ya nyumba yake. Kilango kipya! Na maji hayana urafiki na mtu: yakiona njia fupi, huacha ndefu. Kilango cha zamani kikakosa maji, mchanga ukakijaza, mwezi haukwisha watoto wakawa wanakimbizana juu yake.

Lakini asubuhi ile ile fungu lilipokatika, alikuwa ameshafika Jumbe Mwinchande wa Shungi, na ngoma nyuma.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Karibu Shungi, Bi Somoe!"

"Karibu Shungi? Nimehamia lini?"

"Usiku wa kuamkia leo."

"Jumbe, nyumba hii haijasogea. Kisima hiki hakijasogea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala."

"Kilango ndicho mpaka," akasema Mwinchande. "Wewe sasa uko kaskazini."

Na ng'ambo ya maji akasimama Jumbe Kimbau, anapiga kelele mpaka ndege wanaruka: "Somoe umetuhama! Umetuhama, na hata kuaga hukuaga!"

"Nimewahama nikiwa kitandani?"

"Kilango ndicho mpaka!"

Kuanzia siku hiyo, Somoe akitaka kulala kwa mwanawe, sharti apeleke ombi kwa Kimbau. Akikaanga samaki usiku, harufu inavuka maji, yeye havuki. Sikudhani anakaa ukingoni analia, Somoe anakaa ukingo wa pili amekunja uso.

Ikapita miaka miwili. Masika yakaja tena. Kilango kile kipya kikawa kimeshajaa mchanga, kimekuwa chembamba, maji yanapita kwa tabu. Bahari ikapiga, ikazibua kule kule kwa zamani, kaskazini ya nyumba ya Somoe. Somoe akafungua mlango asubuhi. Nani amesimama?

— Jumbe Mwinchande!

Hamsikilizi! Sasa yuko upande gani? Yuko kusini. Basi nani amesimama? Kimbau! Na ngoma nyuma.

"Karibu nyumbani, Bi Somoe! Umerudi!"

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Kilango ndicho mpaka."

Na ng'ambo kule Mwinchande anatikisa kilemba: "Shukrani ya punda ni mateke! Tumekulea miaka miwili, leo umetukimbia!"

Somoe akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa chini. Akasema peke yake, "Mungu wangu, nipe subira, maana ukinipa nguvu nitampiga mtu."

Lakini alikuwa upande mmoja na mwanawe, kwa hiyo akanyamaza. Sikudhani akapata mimba, akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Mwanaidi. Somoe akambeba mjukuu mgongoni mpaka mgongo ukazoea.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyoingia, maana uliingia kwa miguu miwili, umevaa kanzu.

Kilango hakikutulia. Kila mwezi kilitembea hatua chache kwenda kusini. Mchanga ulitoka ukingo wa Kisikini, ukaongezeka ukingo wa Shungi. Kimbau akaona nchi yake inaliwa. Akawaita watu wake, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leteni mawe!" Wakarundika mawe ukingoni kwao, mengi, mpaka ndani ya maji.

Mwinchande akaona. Akasema, "Mwenzetu anatupunguzia maji ili siku moja atuhamie." Akawaita watu wake. "Leteni mawe na boriti!" Wakarundika ukingoni kwao, mengi zaidi, mpaka ndani ya maji.

Somoe akaenda kwa Kimbau. "Jumbe, ule si ufa. Ile ni pua ya hori. Mnaziba pua." Kimbau akasema, "Wewe okota kombe."

Akaenda kwa Mwinchande. "Jumbe, hori litapumulia wapi?" Mwinchande akasema, "Wewe si ulitukimbia?"

Akasimama katikati ya watu wa pande zote mbili wanaobeba mawe, akasema kwa mara ya tatu. Watu wakampa jiwe abebe.

Mawe yakaongezeka huku, yakaongezeka kule. Njia ya maji ikabanwa, maji yakakosa nguvu ya kusukuma mchanga. Mchanga ukaja, ukakaa. Ukaja mwingine, ukakaa. Siku moja maji yakapwa, yalipojaa hayakuingia. Kilango kimefunga. Fungu limeshikana, Shungi mpaka Kisikini, kavu, unapita na ndala zako.

Mnadhani Somoe alilia?

— Alilia!

Hakulia. Alifurahi! Mbona nyinyi hamumjui binadamu? Mpaka umekufa. Hakuna kaskazini wala kusini ya kitu ambacho hakipo. Nyumba yake, kisima chake, mwanawe, mjukuu wake, vyote mahali pamoja, na hakuna jumbe wa kuomba ruhusa. Alifurahi siku saba.

Siku ya nane akashuka horini kuokota kombe. Akakuta kombe zimeachama, zimekufa, zinanuka. Samaki wanaelea tumbo juu. Maji yamekuwa kijani, yamelala. Mashua za vijiji vyote viwili zimekwama horini, haziendi baharini, na samaki wa bahari hawaletwi. Mbu wakazaliwa, na watoto wao, na wajukuu wao. Kisha vuli ikamimina bara, kijito kikateremsha maji, hori likajaa halina pa kutokea. Likapanda. Likaingia mikokoni, likaingia jikoni, likaingia visimani. Kisima cha mume wa Somoe kikabadilika ladha. Na Mwanaidi, ambaye alikuwa hajaota hata jino, akashikwa na tumbo la kuhara, akalegea kwenye kanga kama kitambaa kilicholowa.

"Mama," Sikudhani akasema, "mtoto hanyonyi."

Watu wakakimbilia kwa majumbe. "Chimbeni! Fungueni!"

"Sawasawa," akasema Kimbau. "Tuchimbe kule mbali, Shungi."

"Sawasawa," akasema Mwinchande. "Tuchimbe kule mbali, Kisikini."

Mmeelewa? Pale watakapochimba ndipo patakapokuwa mpaka! Kila mmoja anataka pachimbwe mlangoni kwa mwenzake. Wakabishana asubuhi, wakabishana mchana, wakabishana na maji yamewafika magotini ndani ya baraza. Mwisho, kwa kuogopana, wakala kiapo mbele ya vijiji vyote: hakuna mtu atakayetia jembe wala koleo mchangani mpaka majumbe wapatane. Atakayekiuka, chombo chake cha majini kitachomwa moto.

Wapatane! Hao! Mimi nasimulia hadithi hii mwaka wa ishirini, na kila nikifika hapa nataka kuingia ndani yake niwachape.

Somoe alirudi kwake, akakaa ukingo wa kisima. Akaangalia fungu. Akaangalia lilipo pana, akaangalia lilipo jembamba. Kamba hukatikia pabovu, na fungu pia. Na mahali pembamba kuliko pote, pa chini kuliko pote, palikuwa wapi? Palikuwa pale alipokaa. Kati ya mlango wake na kisima cha mumewe.

Aliona uchungu. Sitawaficha. Mwanamke yule alikuwa ameng'ang'ania pale kwa mawimbi, kwa majumbe, kwa ngoma za kukaribishwa asikohamia. Akateka maji ya kile kisima, akaonja, akayatema. Kisha akamsikia mjukuu wake analia kilio kidogo, kile cha mtoto aliyechoka hata kulia. Akainuka.

Akaenda kwa Mwinchande.

"Shikamoo, Jumbe. Mimi nimekuja na maneno ya aibu, ila bora uyasikie kwangu. Kisikini wanasema mashua yako ni kubwa kwa kutazama tu. Wanasema watu wa Shungi hawawezi kuiburura kutoka horini mpaka baharini, hata wakila ubwabwa siku tatu."

Kilemba kikatetemeka. "Nani kasema?"

"Mimi ni mwokota kombe tu, Jumbe."

Akaenda kwa Kimbau. "Shikamoo, Jumbe. Shungi wanasema mashua yako itazeekea horini kama bata."

Kimbau akapiga kelele mpaka Shungi wakajua bila kuambiwa.

Kufika jioni mashindano yalishapangwa. Vijiji viwili, mashua mbili, kuvuka fungu. Na wapi? "Hapo kwangu ndipo pafupi," akasema Somoe. "Nitabomoa nyumba niwapishe." Na lini? "Keshokutwa asubuhi, maji yakipwa." Hakuwaambia kwamba keshokutwa ni bamvua, siku ambayo bahari hupwa ikarudi nyuma mpaka unaona mifupa ya mwamba. Hori juu, limejaa. Bahari chini, mbali. Nani aliyejiuliza? Hakuna. Walikuwa wanajipaka mafuta mikononi.

"Tutatumia magogo ya kuviringishia?" akauliza mtu mmoja wa Kisikini mwenye akili kidogo.

"Magogo?" Somoe akashangaa. "Aa, kama hamna nguvu, tumieni. Sijui Shungi watasema nini."

Basi hakuna aliyetumia gogo.

Asubuhi ikafika. Nyumba ya Somoe ilikuwa imeshabomolewa. Miti ameifunga, makuti ameyakunja, chungu na kinu amevipakia kwenye mtumbwi wake mdogo, ukingoni mwa hori. Watu wakadhani ni ukarimu.

Ikaja mashua ya Shungi. Watu arubaini kwenye kamba.

— Haya vuta!

— Twende!

— Haya vuta!

— Twende!

Itikieni na nyinyi, msikae tu! Mkuku wa mashua, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, ukachana mchanga toka horini mpaka baharini. Ukaacha mfereji wa kina cha kiganja. Shungi wakashangilia.

Ikaja mashua ya Kisikini. Watu arubaini na watano, maana Kimbau alileta na mashemeji. Mashua nzito zaidi, na walipita mle mle kwenye mfereji, maana mchanga ulishalainika.

— Haya vuta!

— Twende!

Mkuku ukachimba. Mfereji ukawa wa kina cha goti. Kisikini wakashangilia. Wakaanza kutukanana na Shungi nani kaburura vizuri, hakuna aliyetazama chini.

Kikabaki chombo cha tatu, mtumbwi. Wa Somoe. Akasema, "Na mimi nivuke."

Watu wakacheka. "Bibi, nani atakuvuta?"

"Sivutwi."

Akampandisha Sikudhani na mtoto. Akapanda mwenyewe. Akausukuma mtumbwi kwa upondo, ule mti mrefu, mpaka mdomo wa mfereji, akatulia. Maji ya hori yakauona mfereji. Yakaingia kidogo, membamba, yanachungulia. Yakaingia tena. Ukingo ukamegeka, puu! Yakaingia kwa wingi, yakaunyanyua mtumbwi, na mtumbwi wa Somoe ukashuka kwenda baharini wenyewe, hakuna mkono uliougusa, huku mchanga unaporomoka kulia na kushoto na watu wanakimbia wameshika kanzu zao. Mfereji ukawa kilango. Kilango kikapanuka, kikameza uwanja wa Somoe, kikameza mahali pa jiko, kikameza kisima. Somoe alikitazama kikienda. Alilia wakati huo, ndiyo, sasa mnaweza kusema alilia.

Maji mabovu yakatoka mchana kutwa. Jioni bahari ikajaa, ikaingia, safi, baridi, na hori likavuta pumzi.

"Kiapo!" akapiga kelele Mwinchande. "Nani ametia jembe?"

"Mmeona jembe?" akauliza Somoe toka majini. "Mmeona koleo? Nimeona mashua mbili tu, na wenyewe nawajua. Haya, anzeni kuzichoma."

Majumbe wakaenda kusimama, kila mmoja mbele ya mashua yake.

Baada ya siku chache Mwanaidi akanyonya. Kombe changa zikaanza kushika matope. Na majumbe, mnadhani wamejifunza? Wakafika ukingoni, mmoja huku, mmoja kule, na ngoma nyuma. Wakamwona Somoe ametulia katikati ya kilango kwenye mtumbwi.

"Bi Somoe!" akaita mmoja. "Kilango ndicho mpaka. Sasa wewe ni wa upande gani?"

Somoe akaweka upondo magotini. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nilikaa mahali pamoja, mkanihamisha. Nililala, mkanihamisha. Sasa ninakaa hapa majini. Kikisogea kilango, nasogea. Kikiruka, naruka. Anayetaka kuvuka aniite, nitamvusha, wa Shungi na wa Kisikini, mchana kutwa. Ila atakayetaja neno mpaka ndani ya mtumbwi wangu atashuka hapo hapo alipolitaja."

Wakadhani ni mzaha.

Juma lile lile Jumbe Mwinchande alialikwa harusini Kisikini. Akapanda na kilemba kipya. Walipofika katikati akaangalia maji, akasafisha koo, akasema, "Unajua, Bi Somoe, kwa haki kabisa, mpaka ungepaswa—"

Harusini alifika akichuruzika, kilemba amekibeba mkononi kama mtoto mchanga.

Jumbe Kimbau alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kesho yake akapanda kwenda Shungi, akacheka njia nzima, na pale katikati akasema, "Huyu Mwinchande hana adabu! Mtu unaambiwa usitaje mpaka, unataja mpa—"

Naye akaogelea.

Tangu hapo Shungi na Kisikini wakavuka, wakaoana, wakalala wanakotaka, kwa sababu ombi la ruhusa lilikuwa refu na njia ya maji ilikuwa fupi, na majumbe wote wawili walikuwa na mafua. Kilango kikatembea, Somoe akatembea nacho. Mwanaidi akakua akiwa ameshika upondo. Na wanasema wakati mwingine, maji yakipwa sana, bibi yake alimwonyesha sehemu moja majini na kumwambia, "Hapo, mjukuu wangu, palikuwa na maji matamu." Kisha wakapiga upondo, maana kuna mtu ng'ambo anaita.

Ngano yangu imefika ufukweni, mimi nashuka. Mwenye masikio ameivuka nami. Mwenye kubishana, chombo kimemshusha kule nyuma. Muhogo umeiva sasa, epueni, na msiniulize tena ilikuwa upande gani.